KASUKU ALIYEITA ‘MOSHI! MOSHI!’ HOLILI: Mtaa mzima ulidhani anaita abiria, kumbe jiko linafuka

MTU akikuambia una domo kama kasuku, ujue kakutolea uvivu. Lakini wiki hii, msomaji wangu, nakuletea kisa cha kasuku ambaye domo lake lilikosa wa kulisikiliza, mpaka aliponyamaza ndipo watu wakashtuka. Vuta kiti, maana kisa hiki kina kicheko ndani yake, lakini pia kina kifo kilichopita mlangoni.

Mambo yenyewe yametokea Holili, wilayani Rombo, pale mpakani ambapo ukijikwaa kidogo tu unaangukia Taveta, Kenya. Kwa wasiopajua, Holili siyo ile Kilimanjaro ya kwenye kalenda yenye migomba na ukungu. Hiyo ipo juu huko, Marangu na Mkuu. Sisi tuko chini, kwenye joto na vumbi, na mlima tunauona pale unapojisikia kutoa kichwa asubuhi. Huku ni malori yaliyopanga foleni ya forodha, wabadilisha fedha wenye vibunda mkononi, bodaboda, na makonda wanaoita abiria toka alfajiri hadi jua kuzama.

Na hao makonda ndio waliomharibu kasuku wa shangazi yangu.

KONDA ASIYE NA GARI

Kasuku huyu ni wa ile aina ya kijivu yenye mkia mwekundu, ambayo ndiyo bingwa wa kuiga sauti za watu. Aliletwa nyumbani na marehemu mume wa shangazi, aliyekuwa dereva wa malori ya kwenda Bukoba. Hiyo ilikuwa miaka ya 1990, na mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Ndege hawa wakitunzwa vizuri huishi miaka 40 na kuendelea, kwa hiyo pale nyumbani yeye ni kaka yangu kabisa, na shangazi hasiti kunikumbusha hivyo tukigombana.

Jina lake ni Konda. Hakupewa kwenye ubatizo, alilipata kwa kazi. Nyumba ya shangazi iko jirani na pale hiace zinapopakia watu wa Himo na Moshi, na kizimba cha ndege kinaning’inia baraza ya nyuma, karibu na dirisha la jikoni. Mwaka nenda mwaka rudi anasikia wimbo uleule. Basi naye kaukariri: “Moshi, Moshi, Moshi! Bado wawili! Bado wawili tunaondoka!”

Jamani, hii siyo hadithi ya kupambwa. Nimeshuhudia kwa macho yangu mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi na mtoto mgongoni akiingia uani kwetu, kaufuata huo mwito, anauliza gari liko wapi. Siku nyingine Konda alijifunza ya wabadilisha fedha. Akawa anaita nyuma ya ukuta, “Chenji! Chenji!” Mfanyabiashara mmoja toka upande wa pili wa mpaka akasimama nje ya ukuta anauliza bei ya leo ni ngapi. Anauliza, anajibiwa “Chenji!” Anauliza tena, anajibiwa “Bado wawili!” Akaondoka anatukana, kasema Holili kumejaa matapeli.

Dada wa kazi ndiye anayeteseka zaidi. Konda anajua sauti ya shangazi kuliko shangazi mwenyewe. Dada akikaa tu chini apumzike, anasikia, “We dada! Maji yamechemka!” Anakurupuka mpaka jikoni, kumbe jiko halijawashwa. Akirudi anakuta ndege kainamisha kichwa upande mmoja, anamwangalia kwa jicho la kejeli.

Ukiongeza kwamba anafungua komeo la kizimba kwa mdomo, kaua chaja tatu za simu kwa kuzing’ata waya, na mlio wa simu ya shangazi anaupiga mpaka shangazi anapokea simu isiyoita, utaelewa kwa nini majirani wengine wamekuwa wakishauri aliwe.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa alasiri ya siku ya soko. Shangazi anafanya biashara ya vitunguu na maharage ya kuvusha Taveta, na siku za soko hana muda hata wa kukohoa. Alikuwa amebandika kikaango kwenye jiko la gesi, kaweka mafuta kidogo akaange mayai ale haraka. Kikaango chenyewe siyo lile karai letu la chuma. Ni kile cha kisasa, cheusi, kisichoshika chakula, zawadi toka kwa binti yake anayekaa Dar.

Mara simu ikaita, safari hii ya kweli. Mzigo wake umefika barabarani na dereva anataka kushusha na kuondoka. Shangazi akajitanda kanga, akatoka mbio. Jiko likabaki linawaka. Dada naye alikuwa ametumwa dukani.

Mimi nilikuwa ng’ambo ya barabara, kijiweni kwa vijana wa bodaboda, tunacheza drafti. Konda akaanza: “Moshi, Moshi, Moshi! Moshi, Moshi!” Hakuna aliyegeuza shingo. Nani angegeuka? Wimbo huo Holili nzima imeuzoea. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri gari akacheka, akasema kasuku wenu leo kapata abiria wengi.

Akaendelea. “Moshi! Moshi!” Halafu akanyamaza. Akanyamaza katikati, hata “bado wawili” hakufika.

Aliyeshtuka ni kijana mmoja wa bodaboda ambaye ndiye aliyekuwa ananifunga kwenye drafti. Akainua kichwa akaniambia, “Oya, konda wenu mbona kakatisha ruti?”

Nilivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Kuingia uani, nakuta harufu kali ya kitu kilichoungua, siyo ya chakula, harufu ya plastiki inayokwangua koo. Dirisha la jikoni linatoa moshi wa buluu. Na Konda yuko chini kabisa ya kizimba, mabawa kayalegeza, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kila anapotafuta pumzi. Macho kayafumba nusu.

Kijana wa bodaboda alikuwa nyuma yangu. Yeye akajifunga shati puani, akaingia kuzima gesi na kufungua mlango na madirisha. Mimi nikachomoa kizimba kizima, nikakimbia nacho mpaka chini ya mwarobaini, mbali na nyumba, upande unakotoka upepo.

MAZIWA YALETWE!

Sasa hapo ndipo kimbembe kilipoanza. Uswahilini kwetu, ikisikika mtu kavuta kitu kibaya au kala kitu kibaya, dawa ni moja tu: maziwa. Mama jirani akafika na kikombe kimejaa, anataka tumfungue mdomo tumnyweshe. Mwingine akasema tummwagie maji ya baridi kichwani. Wa tatu, Mungu amsamehe, akauliza kama bado yuko hai, maana akishakufa mwenyewe halaliki.

Shangazi akatokea anahema, kanga imemvuka. Kumwona ndege vile, mama wa watu akakaa chini kwenye vumbi. “Ruwa wangu! Huyu ndiye aliyebaki na sauti ya mzee!”

Hapo wote tukanyamaza. Wasiojua wakajulishwa. Marehemu alifariki miaka mingi iliyopita, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kumrekodi, si kwenye kaseti wala kwenye simu. Lakini Konda, mara mojamoja usiku, hukohoa kile kikohozi chake cha kidereva na kusema, “Mama, nimefika.” Kwa sauti yake ileile. Kwa majirani ni ndege msumbufu. Kwa shangazi ndiyo sauti pekee ya mumewe iliyobaki duniani.

Bahati nzuri bwana mifugo alikuwa sokoni siku hiyo, tukampigia akaja kwa pikipiki. Mara ya kwanza kufika akakikataa kikombe cha maziwa. “Mkimnywesha huyu sasa hivi mnammaliza,” akasema. Ndege anayehangaika kupumua akilazimishwa kunywa, kile kinywaji kinaingia kwenye njia ya hewa. Akatuambia tufanye mambo matatu tu: hewa safi, kivuli chenye joto la wastani, na watu watawanyike ili ndege asizidi kupata hofu. Akasema kwenye hospitali kubwa za wanyama angewekewa hewa ya oksijeni, lakini kwa pale tulipo mwarobaini ndiyo oksijeni yetu.

“Dokta, atapona?” shangazi akauliza.

“Mama, kama alikuwa ndani ya jiko lenyewe tungekuwa tunachimba shimo saa hizi. Kilichomwokoa ni baraza na upepo. Tumwangalie mpaka kesho.”

KUMBE KIKAANGO!

Mimi nilidhani ni moshi wa mafuta tu. Bwana mifugo akaniambia niangalie kikaango. Mafuta yalikuwa yameungua yakaisha, na ule utando mweusi wa ndani umebadilika rangi na kuanza kubanduka.

Baadaye nikaingia kwenye intaneti kusoma, na niliyoyakuta yalinisisimua mwili. Vikaango vingi visivyoshika chakula vimepakwa utando uitwao PTFE. Kwa mapishi ya kawaida hauna neno. Lakini kikaango kikiachwa kitupu motoni, joto likapanda kama nyuzi 280 za Selsiasi hivi na kuendelea, utando huo unaanza kutoa mvuke wenye sumu. Binadamu akiuvuta sana anaweza kupata homa na kifua kubana kama mtu mwenye mafua makali, kisha ikapita. Ndege akiuvuta anaweza kufa ndani ya dakika chache, mapafu yamejaa maji na damu. Na kwenye jiko la gesi kikaango kitupu hakihitaji muda mrefu kufika huko.

Kwa nini ndege na siyo sisi? Sababu iko kwenye pumzi. Sisi tunavuta hewa ndani halafu tunaitoa kwa njia ileile, kama daladala inayoingia na kutoka stendi kwa geti moja. Ndege ana mapafu pamoja na mifuko ya hewa mwilini, na hewa inapita kwenye mapafu yake kwa upande mmoja tu, muda wote hewa mpya. Ndiyo maana anaweza kuruka juu asichoke. Lakini ubora huohuo ndio unaomponza, kwani sumu iliyoko hewani anaivuta nyingi na kwa haraka kuliko sisi.

Wazungu waliligundua hilo zamani. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wanashuka mgodini na ndege wadogo wa manjano waitwao kanari. Ndege akilegea, watu wanatimua mbio, maana wamejua gesi ya sumu imeingia. Mtindo huo uliendelea kwa miongo mingi, mpaka ulipoanza kuachwa mwaka 1986 mashine zilipochukua kazi hiyo.

ALIJUA ANACHOSEMA?

Hapo ndipo Holili ilipogawanyika kambi mbili. Kijiweni wengine waliapa kwamba Konda aliona moshi akaita moshi. Shangazi naye yuko kambi hiyo, na Jumapili iliyofuata alitoa sadaka ya shukrani kanisani. Wengine wakasema ndege hana akili hiyo, yeye alikuwa anaita abiria wa Moshi mjini kama kawaida yake, ikagongana tu.

Kusema kweli kasuku wa kijivu siyo mjinga. Marekani kulikuwa na mmoja aliyeitwa Alex, ambaye mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua dukani Chicago mwaka 1977. Mpaka Alex anakufa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 31, alikuwa anajua majina ya vitu, rangi na maumbo, maneno zaidi ya 100, na anahesabu mpaka 6. Lakini Alex alifundishwa kwa miaka mingi neno na kitu chake. Konda hakuna aliyewahi kumwonyesha moshi akamwambia huu ni moshi. Alichofundishwa na mabingwa wa stendi ni kwamba neno hilo unalipigia kelele ili watu waje.

Mimi nadhani hapo ndipo ukweli ulipo. Ndege alikuwa na hofu, anataka watu waje, akatumia neno analolijua la kuita watu. Bahati mbaya ni lilelile alilolichosha kwa utani.

HATARI NYINGINE MLE NDANI

Kama una ndege nyumbani, kasuku au hata wale wadogo wa rangi rangi wanaofugwa kizimbani, bwana mifugo alituachia somo ambalo nalimwaga hapa bure.

Jiko la mkaa usiliwashe chumba kimoja na ndege madirisha yakiwa yamefungwa. Gesi yake haina harufu, inaua ndege kwanza halafu inakuja kwako. Dawa za mbu za kupuliza na zile za kuchoma usiku nazo siyo rafiki zake, mtoe kwanza.

La pili litawauma Wachagga wenzangu: parachichi. Sisi tunalo mpaka tunalisha nguruwe, na mtu anaona ni upendo kumkatia ndege kipande. Usithubutu! Tunda hilo, majani yake na kokwa lake vina kitu kiitwacho persini ambacho kinaushambulia moyo wa ndege, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Chokoleti, kahawa na vyakula vyenye chumvi nyingi navyo ni marufuku.

Halafu kuna paka, pangaboi linalozunguka wakati ndege yuko nje ya kizimba, sufuria la mafuta ya moto lisilofunikwa, na waya za umeme. Kasuku mdomo wake unapasua kokwa gumu, waya ni kama tambi kwake.

UNA KIBALI?

Kabla hajaondoka, bwana mifugo aliuliza swali lililotutoa jasho: “Huyu ndege ana karatasi?” Shangazi akaingia ndani, akarudi na Biblia, akachomoa kibali kilichokunjwa mara nne. Tukashusha pumzi.

Maana vijana wengi mjini hawajui. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuweka ndani mnyama au ndege wa porini bila kibali. Na kasuku wa kijivu kimataifa ana ulinzi mkali: mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, nchi zilipiga kura kuzuia biashara ya kimataifa ya ndege hao wanaokamatwa porini, kwa sababu misitu ilikuwa inakauka. Mwaka huohuo Tanzania nayo ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kwetu Kilimanjaro donda lilikuwa bichi. Novemba 2010 twiga 4 pamoja na wanyama na ndege wengine, jumla zaidi ya 100, walipakiwa kwenye ndege pale KIA usiku wakapelekwa Qatar. Kesi iliunguruma Moshi, na mwaka 2014 mshitakiwa mkuu akahukumiwa miaka 60 jela, wakati huo kashayeyuka zamani.

Kwa hiyo akija mtu pale mpakani na boksi lenye matundu, anakunong’oneza bei, mkimbie. Ukitaka kumwona kasuku bila gharama, tunao wa kwetu. Misitu ya Mlima Kilimanjaro ina kasuku wa kijani mwenye rangi nyekundu ya machungwa kwenye paji la uso. Nyika kavu za upande wa Tsavo na Mkomazi zina mwingine, dume lake lina tumbo la rangi ya chungwa bivu, jike lina tumbo la kijani. Hao hawaiti abiria, lakini wako huru na wewe uko huru.

HALI YA MGONJWA

Konda alilala chini ya mwarobaini mpaka giza lilipoingia, kisha akahamishiwa chumbani kwa shangazi. Siku mbili hakusema neno. Nyumba ilikuwa na ukimya wa matanga, hata dada wa kazi akakiri kwamba anakumbuka kusumbuliwa. Siku ya tatu akala kipande cha papai. Siku ya nne asubuhi, dada kakaa tu kwenye kigoda, akasikia, “We dada! Maji yamechemka!” Akakimbia jikoni huku anacheka na machozi yanamtoka.

Ile “Mama, nimefika” ilichukua wiki tatu kurudi. Shangazi aliniamsha usiku kuniambia.

Kikaango cha Dar kimetupwa, karai la chuma limerudi kazini, na kizimba kimehamishiwa baraza ya mbele, mbali kabisa na jiko. Tatizo la huko mbele ni kwamba Konda sasa anaiona barabara yenyewe. Juzi kasimamisha hiace mbili.

Kwa leo naishia hapo. Ukisikia nyumba ya jirani yako yenye kelele imenyamaza ghafla, usiseme afadhali. Nenda ukapige hodi. Alamsiki!